Muvi za migodini zinavyopigiwa VAR na wachimbaji Shinyanga, Geita

KAMA unadhani mwamuzi wa pembeni ndiye anayezomewa kuliko watu wote Kanda ya Ziwa, basi hujakaa kwenye kibanda umiza cha Katoro, Kakola au Kahama usiku wa muvi.

Mpira ukiisha, mwenye banda anabadili waya. King'amuzi kinapumzika, fleshi inachomekwa, kiingilio kinaanza upya. Mabenchi ni yaleyale, joto lilelile na sauti ni zilezile. Ile iliyokuwa ikimpigia kelele beki apige mbele, sasa inampigia kelele stelingi ageuke nyuma, kuna jamaa na panga.

Stelingi hageuki. Basi anapewa yake. Ataambiwa kiziwi, ataulizwa kocha wake nani, na akishachapwa, nusu ya banda itasema kajitakia.

Hapa hakuna anayesubiri muvi iishe ndipo aseme alichokiona. Maoni yanatoka papo hapo, bila kuangalia nani kakaa jirani. Unaweza kusema ni tabia ya mpirani iliyohamia kwenye sinema, au ni kinyume chake, maana mabanda ya video yalikuwepo zamani, kabla Azam TV haijaanza kuonyesha mechi za Ligi Kuu wiki hadi wiki.

Lakini ukanda huu wa Shinyanga na Geita una kitu ambacho mabanda ya Manzese na Mbagala hayana. Ikiwekwa muvi ya mgodini, waliokaa kwenye benchi wametoka mgodini. Wanajua uzito wa kiroba cha mawe mgongoni. Wanajua matimba yakianza kulia ndani ya duara, una muda gani wa kupanda. Mtu wa Hollywood anaweza kumdanganya mkazi wa Dar es Salaam, hata wa London. Hapa anapigiwa VAR.

SHERIA ZA BANDA

Kwenye banda kuna stelingi, kuna adui, kuna mpenzi wa stelingi, halafu kuna rafiki wa stelingi, ambaye kila mtu anajua hafiki nusu saa ya mwisho. Majina halisi ya waigizaji hayana kazi sana, isipokuwa wachache waliopewa uraia: Bruce Lee, Van Damme, Anodi na Rambo. Huyu wa mwisho uraia wake ulikwenda mbali zaidi, kwani hata mifuko ya plastiki ya dukani iliitwa rambo nchi nzima, hadi Serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019.

Sheria kubwa ni moja, stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akaanguka kwenye maji, akapotea robo saa nzima. Banda litatulia tu, kwa sababu linajua atarudi. Muvi inayovunja sheria hiyo inaanzisha ubishi unaotoka nje ya banda na kwenda nao kwenye kahawa.

Sheria nyingine ni muda. Fedha ya mchimbaji mdogo haina tarehe. Duara likitoa, anakula. Lisipotoa, anaweza kukaa wiki kadhaa akisubiri mgao wa mawe huku chakula akikipata kwa mwenye duara. Jero aliyoitoa mlangoni anaijua ilikotoka. Kwa hiyo muvi ikikaa dakika 20 inaonyesha watu wanaongea mezani, utasikia "peleka mbele!" na mwenye rimoti anapeleka mbele. Mwongozaji aliyeihangaikia sehemu ile hana wa kumtetea. Ni kama winga anayetolewa dakika ya 30. Anaumia, ila jukwaa limeshaamua.

Kwenye muvi za kutisha ndipo Kisukuma kinapotoka bila kuombwa. Mtu mzima aliyekuwa akiringa na Kiswahili cha mjini, mlango ukigongwa tu kwenye skrini anaita "mayo wane!", mama yangu, na banda linamcheka hadi muvi yenyewe inasahaulika.

DJ NDIYE MTANGAZAJI

Muvi nyingi kwenye mabanda haya hazitazamwi kwa lugha zilizoigiziwa. Zimetafsiriwa, na aliyetafsiri hajatafsiri tu, ametangaza. Jina lililotamba kuliko yote kwenye kazi hiyo Tanzania ni Derek Mukandala, yule Lufufu, ambaye sauti yake ilifunika sauti za Wachina, Wahindi na Wamarekani kwenye kanda za video. Hata Titanic aliifanyia kazi. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wanaye VJ Jingo.

Kazi yao inafanana sana na ya mtangazaji wa mpira redioni. Wanataja nani ana mpira, wanaongeza chumvi, wanamshauri stelingi, wanamsema adui na ukoo wake. Pale muvi inapopoa, wao wanaipasha. Mtu wa banda akifoka, mara nyingi anajibizana na DJ kuliko anavyojibizana na muvi.

Waganda walikwenda hatua moja mbele. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, toleo lililozunguka dunia lilikuwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia, akicheka na kuwasema waigizaji wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Wazungu walioitazama walishangaa. Mtu wa Runzewe asingeshangaa hata kidogo, maana kwake muvi isiyo na mtu wa kuisemesha ni kama mechi iliyozimwa sauti.

Tatizo la DJ ni moja tu. Anachoamua kukiacha, banda halikipati. Hilo litaonekana mbele.

ALMASI YA PINKI

Chukua Blood Diamond ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Edward Zwick. Hadithi ni ya Sierra Leone, vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvuvi Solomon Vandy, anayeigizwa na Djimon Hounsou, anatekwa na waasi na kulazimishwa kuchekecha mchanga wa mtoni. Anaokota almasi kubwa ya pinki, anaibana katikati ya vidole vya mguu, kisha anaifukia. Anatokea Danny Archer, mlanguzi mzaliwa wa Rhodesia, ambaye ndiye Leonardo DiCaprio, na safari ya kuitafuta inaanza.

Kwa Dar hiyo ni muvi ya vita. Kwa Maganzo, mji wa madalali wa almasi uliopo jirani na mgodi wa Mwadui wilayani Kishapu, ni muvi ya kazini. Mtu aliyewahi kushika chekeche haangalii bunduki kwanza, anaangalia mikono. Je, jamaa anazungusha vizuri, au anatikisa tu kama anapepeta mchele? Hounsou anapita mtihani huo. Pale anapolifukia jiwe huku akiwa ameshaonwa na kamanda wa waasi, hakuna anayehitaji tafsiri.

Halafu rangi. Mtazamaji wa kawaida anaweza kudhani pinki imewekwa ili ipendeze kwenye skrini. Watu wa Mwadui wana sababu ya kuiamini. Oktoba 1947, katika mgodi ulioanzishwa miaka 7 nyuma na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada, iliokotwa almasi ya pinki ya karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi yake ya Novemba mwaka huohuo. Ilichongwa ikabaki karati 23.6 na baadaye ikawekwa katikati ya pambo la ua ambalo malkia huyo alilivaa miaka mingi.

Kwa hiyo muvi inapofika kwenye bei, mambo yanabadilika. Solomon anafika London na anaahidiwa pauni milioni 2, pamoja na kuletewa familia yake. Ukumbi wa kawaida utalia hapo. Mtu wa Maganzo anapiga hesabu. Na hesabu anayo, kwani mwaka 2021 mgodi wa Mwadui uliuza jiwe la pinki la karati 32 kwa Dola 13.8 milioni. Likachongwa likawa la karati 11.15, likapewa jina la Williamson Pink Star, na Oktoba 2022 likapigwa mnada Hong Kong kwa Dola 57.7 milioni. Jiwe moja, mwaka mmoja tu katikati. Solomon alipunjwa, na kwa anayejua soko hilo, hapo ndipo muvi ilipokuwa ya kweli kuliko sehemu zote za risasi.

Ubishi mkubwa unabaki kwa Archer. Anakufa mlimani, simu mkononi. Kwa kuwa picha yake ndiyo kubwa kwenye kasha, wanaofuata sheria ya banda watasema muvi imeharibika, stelingi kafa. Upande wa pili utasema stelingi alikuwa Solomon tangu dakika ya kwanza, ila kasha limewachanganya. Wa upande wa pili wako sahihi. Mwenye mtoto aliyepotea ni Solomon, mwenye jiwe ni Solomon, na anayebaki uwanjani filimbi ya mwisho ikilia ni Solomon. DiCaprio alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye jina kubwa mgongoni, basi.

ISIDINGO ILIPOUHAMA MGODI

Sizoni ni jambo lingine. Ile ni ya sebuleni, ya majirani waliokuja kuomba kukaa chini kwenye mkeka kwa sababu nyumba moja ndiyo ina televisheni. Na kwa ukanda huu hakuna iliyostahili kupendwa kama Isidingo ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikirushwa na ITV.

Wengi wanaikumbuka kwa Cherel, yule mama aliyechukiwa hadi watu wakawa wanazungumza na skrini. Kilichosahaulika ni kwamba Isidingo ilipoanza Julai 1998 ilikuwa tamthilia ya mgodi wa dhahabu. Mji wake uliitwa Horizon Deep. Kulikuwa na wachimbaji, na familia za wachimbaji, na bosi wa mgodi, na baa ya kumalizia mshahara. Mtu wa Geita angeweza kubadilisha majina tu, mengine akayaacha yalivyo.

Lakini miaka ilivyokwenda, mgodi ukapungua na suti zikaongezeka. Mambo yakahamia kwenye kituo cha televisheni na maofisi yenye vioo. Ilipofungwa Machi 2020, shimo lilishakuwa habari ya zamani. Waandishi walikuwa na sababu zao, pengine matajiri wanaooneana wivu wanauza zaidi. Ila kwa mtu aliyevutwa na lile shimo, ilikuwa kama timu ya mtaa kuhamia Dar es Salaam kwa kuwa huko kuna wadhamini. Unaendelea kuishangilia, lakini humwoni tena mtu unayemfahamu.

KUJIONA KWENYE SKRINI

Kitu pekee ambacho kimewaweka watu wa huku kwenye televisheni kila wiki wakiwa wao wenyewe, si kwa Kiingereza wala kwa sauti ya DJ, ni mpira.

Msimu wa 2015/16 Shinyanga ilikuwa na timu mbili Ligi Kuu. Mwadui iliyozaliwa kwenye mgodi wa almasi, na Stand United, Chama la Wana, iliyokuwa na udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Kambarage ilionekana kwenye kioo, na watu walitafuta nyuso za ndugu zao jukwaani kuliko walivyotafuta mpira. Geita nayo ikapata zamu yake 2021/22, Geita Gold ikamaliza ya nne na George Mpole akabeba kiatu cha ufungaji bora kwa mabao 17.

Zote zikashuka. Stand 2019, Mwadui 2021, Geita Gold 2024.

Ndani ya msimu huohuo wa 2015/16 ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna mwandishi wa muvi angethubutu kuliandika, maana banda lingelizomea.

SIKU 41

Oktoba 5, 2015 machimbo ya Nyangarata, Kahama, yaliporomoka na kufukia watu. Juu ya ardhi nchi ilikuwa kwenye kampeni. Ikapiga kura Oktoba 25. Novemba 5 John Magufuli akaapishwa. Novemba 14 Taifa Stars ikatoka sare ya 2-2 na Algeria Uwanja wa Taifa, mabao ya Elius Maguri, wakati huo mshambuliaji wa Stand United ya hukuhuku Shinyanga, na Mbwana Samatta.

Siku iliyofuata, Novemba 15, watu watano wakatolewa hai kwenye shimo la Nyangarata. Siku 41. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mwamba. Walishuka Jakaya Kikwete akiwa Rais, wakapanda wakakuta mwingine. Si wote waliofukiwa siku ile waliotoka hai.

Siku mbili tu kabla ya hapo, Novemba 13, kumbi za sinema za Marekani zilikuwa zimeanza kuonyesha The 33. Ni muvi ya Patricia Riggen kuhusu wachimbaji 33 wa mgodi wa San José, Chile, waliofukiwa Agosti 5, 2010, kina cha kama mita 700, na kutolewa wote wazima baada ya siku 69. Antonio Banderas anaigiza nafasi ya Mario Sepúlveda, mmoja wa viongozi wao kule chini.

Ni muvi nzuri, isemwe wazi. Lakini iweke mbele ya mtu wa Kahama uone inavyopimwa. Mwanzoni mwamba unapopasuka, atashika benchi. Wale jamaa wanapokimbilia kwenye njia ya hewa na kukuta ngazi haijafika juu, hatashangaa, ataguna tu. Wanapogawana samaki wa kopo kwa kijiko, atahesabu vijiko. Na Banderas akiwa anaongea sana, anahutubia, anaapa kwamba wote watatoka, kuna mtu atauliza pumzi ya kuhutubia anaitoa wapi.

Kuna sehemu wanaota wote wanakula karamu, kila mmoja akiandaliwa sahani na mtu wake. Wachambuzi wengine waliiona imezidi chumvi. Kwa anayejua njaa ya shimoni, hiyo ndiyo sehemu ambayo hapaswi mtu kupiga kelele za "peleka mbele".

Tofauti inayouma inakuja baada ya siku ya 17. Chile, siku hiyo bomba la kuchimbia liliwafikia, wakafunga karatasi kusema wapo hai wote 33. Kuanzia hapo walipata chakula, dawa, barua, hata sauti za wake zao, huku familia zikiwa zimepiga kambi juu na NASA ikitoa ushauri. Kilichobaki ilikuwa kusubiri kutolewa. Nyangarata hakukuwa na siku ya 17. Siku zote 41 walikaa bila bomba, bila barua, bila kujua kama juu bado wanatafutwa, na juu wengi walishakata tamaa. Ukiwauliza wachimbaji ni wapi stelingi aliteseka zaidi, jibu ni la haraka, na halina uhusiano na idadi ya siku.

Wale wa Chile walipanda mmoja mmoja ndani ya chombo kilichopakwa rangi za bendera, Rais wao akiwapokea, dunia ikitazama moja kwa moja. Wakapata muvi yenye Banderas. Ya Nyangarata inasimuliwa kwa mdomo, na kila msimuliaji anaongeza lake.

Mwisho kabisa wa The 33 waigizaji wanaondoka, na wanaletwa wachimbaji wenyewe, wale halisi, wapo ufukweni pamoja, picha haina rangi. Hapo banda huwa limeshaanza kusimama, watu wanatafuta kandambili zao, mwenye fleshi anataka kuchomoa. Yanapita maandishi ya Kiingereza kwenye skrini. Yanasema wale watu 33 hawakulipwa fidia.

DJ wengi hawasomi maandishi ya mwisho. Kwa muvi ya Rambo haina shida. Kwa hii, Kahama, kuna watu wangerudi kukaa chini.